Fundi wa Mtwara mjini kanifutia kazi za wakulima na patisheni ya kurejesha Windows kaifyeka pia!

Wakuu salaam. Nina hasira na sizifichi.

Mimi ni karani wa chama cha msingi, ushirika wa wakulima wa korosho, huku Tandahimba. Laptopu ni yangu mwenyewe, HP ya 2016, ilitoka kiwandani na Windows 10 yake. Wiki iliyopita umeme ulikatika ikiwa katikati ya kujisasisha, na betri imechoka, ikazima palepale. Kuiwasha tena inaandika kwamba inajirekebisha, inazima, inaanza upya, ndiyo hivyo mpaka asubuhi. Nikapanda gari hadi Mtwara mjini kwa fundi mmoja maeneo ya Soko Kuu. Nikamwambia wazi: "Kaka, humu mna kazi za watu. Windows ikishindikana basi, mafaili usiyaguse." Akanijibu, "Ondoa shaka, njoo saa nane."

Saa nane nakuta mashine inawaka. Shilingi 35,000: 25,000 ya kupiga Windows, 10,000 anasema ya leseni. Nikalipa. Natafuta folda la wakulima, halipo. Natazama diski, naona C peke yake, GB 465. Ile D iliyoandikwa RECOVERY, kama GB 14 hivi, yaani patisheni (kipande cha diski kilichotengwa) ya kurejesha Windows, haipo. Namuuliza, ananiambia, "Hiyo ilikuwa inakula nafasi tu, nimekuunganishia."

Inakula nafasi! Dawa yenyewe ilikuwa humo! HP kama yangu unaiwasha huku unagonga F11, inakuletea menyu ya matengenezo. Unaweza kuweka Windows upya na mafaili yako yakabaki. Hata ukiamua irudi kama ilivyotoka kiwandani, programu ya HP inakuuliza kwanza kama unataka kunakili vitu vyako kwenye diski ya nje. Acer nyingi ni Alt na F10, Asus nyingi ni F9. Mtu anayelisha watoto wake kwa kazi hii ataniambia hajui?

Na tuseme patisheni nayo ilikuwa imekufa. Si angechomoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake kwa kebo ya USB, akanakili mafaili ndipo afomati? Kebo anayo! Nimeiona kwa macho yangu, imening'inizwa kwenye msumari juu ya meza yake, vumbi limeifunika. Hakuishusha. Alichomeka flashi yake, akafuta patisheni zote, akaendelea na wateja wengine.

Hiyo leseni sasa. Mashine zilizotoka kiwandani na Windows 8 au 10 ufunguo wake umehifadhiwa kwenye chipu ya mashine yenyewe. Ukipiga toleo lilelile, ikiingia mtandaoni inajitambua bila kulipa hata senti. Yangu ilikuwa toleo la Home. Yeye kanipigia toleo la Pro, akazima ulinzi wa virusi ili programu yake ya kuvunja leseni ipite, akanichaji 10,000. Jioni naiwasha nyumbani, kona ya chini kulia kuna maandishi ya Activate Windows, yaani leseni haijakubali.

Najua wapo watakaoniuliza bakapu iko wapi. Ninayo, ya mwezi wa tisa, kabla minada haijaanza. Kilichofutwa ni msimu wenyewe: wakulima 212, kilo za kila mmoja, daraja la kwanza na la pili, makato, nani kalipwa mnada upi. Jana kaja bibi mmoja, stakabadhi yake kaifunga kwenye pindo la kanga, anasema malipo yake yamepungua kilo 38. Zamani ningemjibu kwa dakika moja. Jana nimepekua vitabu vya nakala mpaka jua linazama, yeye kakaa kwenye benchi ananisubiri, hajala kitu. Mwisho nikamwambia arudi kesho. Mtu katembea kwa miguu kutoka kijijini! Fundi anapofuta diski bila kuuliza, anayeumia ni bibi huyu, wala hajui kompyuta ni nini.

Nimempigia simu mara tano arudishe japo hiyo 10,000. Mara ya kwanza alipokea, akasema mafaili "yalikuwa na virusi". Tangu hapo hapokei.

Kijana mmoja anayejua mambo haya kanishauri nizime mashine na nisiweke kitu humo hata kimoja. Diski yangu ni ile ya kuzunguka, si SSD (zile mpya zisizozunguka), na kilichofutwa hubaki mpaka kiandikiwe juu. Windows mpya imeshakalia sehemu yake, lakini si GB zote 465. Nimeichomoa diski, nimeifunga kwenye nailoni, ipo kabatini.

Naomba mwenye kujua mtu wa Mtwara, Masasi au Lindi anayerejesha mafaili kwa programu za TestDisk au PhotoRec, na ambaye atanakili diski nzima kwanza kabla hajaigusa. Nipeni namba PM. Nitaileta mwenyewe mkononi, na nitakaa hapohapo mezani mpaka amalize.