Utaratibu wa kuruka ukibadilika: rubani asome waraka tu au arudi simuleta, mashine ya ardhini inayoiga ndege?

Mwana_Kisauni: Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wanaoijua kazi hii. Shirika linataka marubani wa jeti wanaoruka Unguja kwa njia ya kurukia namba 36 waache NADP 2, wafuate NADP 1 (ni taratibu mbili za kupunguza kelele wakati wa kuruka), kelele ipungue kwenye nyumba za karibu na uwanja. Wakati wa kaskazi ndege huruka upande huo. Meneja anasema waraka na saini vinatosha. Ni sawa?

Mkufunzi_Anga: Waalaykum salaam. Havitoshi, ndugu yangu. Angalia kilichobadilika. Ikiwa ni nambari tu, mfano njia imefupishwa kwa matengenezo, basi Notamu (tangazo rasmi kwa marubani), hesabu mpya za uzito na za V1, yaani kasi ambayo ukishaipita huahirishi tena kuruka, na maelezo kabla ya safari vinatosha. Hapa mpangilio wa kazi ndio uliogeuka. Kwa NADP 2, kuanzia futi 800 au juu yake, rubani hushusha pua kidogo, huongeza kasi na kukunja flapu, vile vibao vya ukingo wa bawa vinavyosaidia kupaa kwa kasi ndogo. Nguvu ya injini hupunguzwa ukianza kukunja au ukishamaliza. Kwa NADP 1 nguvu hupunguzwa kwanza, flapu hubaki zilivyo, na kasi hushikwa kwenye V2 (kasi ya chini iliyo salama kupanda injini moja ikifa) kuongeza noti 10 hadi 20, yaani maili za baharini kwa saa, mpaka futi 3,000. Mkono uliozoea utaukimbilia wenzo wa flapu mapema, na mwenzake naye atataja mwito wa zamani. Waraka hauondoi mazoea hayo.

Zamu_ya_Alfajiri: Na kompyuta ya ndege msiisahau. Kimo cha kuanza kuongeza kasi kikibaki futi 1,000 badala ya 3,000, ndege itashusha pua yenyewe na NADP 1 itakuwa imekufa hapo hapo. Kisomwe kwa sauti na marubani wote wawili kabla injini hazijawashwa.

Wete_Caravan: Kwetu Pemba, kwenye ndege ndogo ya rubani mmoja, mkufunzi hupanda naye wakaruka pamoja. Kwa jeti si hivyo. Kuzima injini kwa mazoezi karibu na ardhi, ndani ya ndege halisi, ni hatari isiyo na sababu.

Mkufunzi_Anga: Kweli kabisa. Simuleta iwe na angalau miruko minne: wa kawaida, wenye kimo kilichowekwa kimakosa, tuone nani atakigundua, injini kufa baada ya V1, na injini kufa baina ya futi 800 na 3,000. Huo wa mwisho ndio wenye uzito zaidi. Pua iko juu, nguvu imeshapunguzwa, kasi haina akiba kubwa. Pua ishushwe mara moja, kasi isipungue chini ya V2, injini iliyobaki ipewe nguvu, na NADP iachwe, ufuatwe utaratibu wa injini moja.

Mwana_Kisauni: Ahsanteni sana. Hatuwezi kusubiri mtihani wao wa miezi sita?

Mkufunzi_Anga: Mnaweza, ila utaratibu mpya usianze kabla yake. Kepteni akiwa na mpya na msaidizi wake akiwa na wa zamani, kila mmoja atamuona mwenzake anakosea, tena kwenye kimo kisicho na nafasi ya mabishano. Anzeni na wakufunzi na wakaguzi, kisha marubani wote, halafu tarehe moja ya kuanza. Asiyefika simuleta kufikia siku hiyo asipangiwe Unguja.