Naomba ushauri: dawa mpya ya lupus kwa dada yangu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Dada yangu hapa Malindi ana lupus, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe; asubuhi vidole humvimba hata kukanda unga wa chapati ni taabu, na prednisoloni, dawa ya steroidi anayotumia, imemvimbisha uso. Nimesoma kwamba mwaka 2003 watafiti wa Marekani walipima utendaji wa jeni katika chembe za damu za wagonjwa wa lupus, wakakuta jeni zinazoamshwa na intaferoni (protini za kinga ya mwili) zinafanya kazi kupita kiasi kwa wengi wao, na utafiti wa namna hiyo ukasaidia kuipata dawa ya anifrolumab, inayoziba kipokezi cha intaferoni (sehemu ya chembe inayopokea ishara yake), ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2021. Nimepata matumaini makubwa. Mwenye ujuzi, tafadhali anieleze: je, kipimo cha jeni ni lazima kabla ya dawa hiyo, na tumuulize nini daktari bingwa tukimwona Mombasa?