Kikundi cha Watoto wa Mama: Safari ya Dodoma

Dada Neema, saa 1:10 asubuhi
Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Niko kwa Mama tangu juzi, na ninaandika kwa sababu kwenye simu hutujibu sote kwamba hajambo. Mama halali. Usiku wa manane namkuta jikoni mbele ya mafiga yasiyo na moto, amejitanda kanga ya msiba wa Baba, na ugali niliomwekea uko vilevile hadi asubuhi. Zahanati wamempa dawa za kichwa na za tumbo mara nyingi, kwa kuwa hayo ndiyo anayoyataja. Naomba tuchukue barua ya rufaa hospitali ya wilaya, kisha twende naye Mirembe, hospitali ya afya ya akili pale Dodoma.

Dada Neema, saa 3:25 asubuhi
Naona wengi mmesoma. Naomba majibu.

Eliya, saa 4:02 asubuhi
Dada, Mama akisikia Mirembe atadandia bodaboda na hatutampata tena mpaka Morogoro 😂

Tabu, saa 4:05 asubuhi
Kama siku ile ya harusi! 😂

Dada Neema, saa 4:20 asubuhi
Wadogo zangu, nawasihi. Jina la Mirembe tumelifanya tusi tangu utotoni, ndiyo maana wazee wengi hufichwa ndani hadi hali inaharibika. Kliniki ya nje mtu huonana na daktari akarudi nyumbani. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa mzee huweza kudhaniwa ni usahaulifu wa uzee tu, ilhali inatibika, ila dawa zake huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, kwa hiyo safari haitakuwa moja.

Kaka Yohana, saa 7:48 mchana
Nilikuwa shambani. Sipingi matibabu, nauliza gharama, maana alipougua Baba ng'ombe waliouzwa walitoka zizini kwangu peke yangu, na ninyi wa mjini mkatuma pole. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwataja wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo kwamba watibiwe bure, lakini bure hiyo haimlipii mtu nauli ya basi kutoka Mbande, wala haileti dawa iliyokwisha dirishani.

Dada Neema, saa 8:15 mchana
Kaka, la ng'ombe lina haki ya kuwekewa kikao chake. Nauli ya Mama natoa mimi. Nakuomba ufuatilie kitambulisho chake cha mzee kwa mtendaji wa kijiji.

Mjomba, saa 1:30 usiku
Wanangu, mjukuu amenisomea yote. Tangu asubuhi mnamjadili dada yangu, na hakuna aliyesema amemuuliza anataka nini. Alipofariki mama yetu alinyamaza vivi hivi, tukasema amerogwa, tukamzungusha kwa waganga mpaka akaacha kutuamini. Hatadanganywa kwamba anakwenda kuwasalimia wajukuu. Kesho nitakuja kuketi naye. Akikubali, nitafuatana naye mimi mwenyewe.

Eliya, saa 1:41 usiku
Shikamoo Mjomba. Fedha ya dawa nitatuma mwisho wa mwezi.

Dada Neema, saa 1:50 usiku
Asante sana Mjomba, tunakusubiri. Basi iwe Jumatano, Mama akiridhia. Kaka, na kitambulisho?

Kaka Yohana, saa 3:05 usiku
Mtendaji amesafiri, na Jumatano napeleka mahindi Kibaigwa. Labda Ijumaa, tusikie kwanza atakachosema Mama.