Wakuu, eti sisi weusi tulizembea mbinguni kabla ya kuzaliwa? Naomba ushauri

Mtoto wa Mabatini
Heshima kwenu wakuu. Niko Utah, Marekani, mwaka wa nne sasa, kazi ghalani. Nimeingia dini ya wenyeji wa huku, hawa mnaowaita Wamormoni. Mchumba wangu ni wa ukoo wa waumini wa kwanza waliohamia huku na mikokoteni enzi hizo.

Jumapili tulikula kwao. Babu yake, miaka 91, ananipitishia bakuli la viazi, akaniambia kwa upole kabisa: "Wewe kule juu lazima ulikaribia kuwa shujaa." Nikacheka tu. Kwenye gari mchumba akanifafanulia. Wanaamini sote tuliishi kwa Mungu tukiwa roho, ikatokea vita, theluthi wakamfuata Shetani wakatupwa. Sasa wazee wa zamani walifundisha kwamba waliosuasua kwenye ile vita ndio sisi. Anasema yalishafutwa. Ni kweli? Usingizi sipati.

Bibi Ukwaju
Wale vijana wa mashati meupe na vibao vya majina kifuani? Walinikuta nachota maji, wakabeba ndoo zote mbili hadi mlangoni. Dini yao sikuichukua, ila ndoo zilifika.

Fundi Saa
Biblia unayo, ulikwenda kutafuta nini? Mkiona kiyoyozi tu, mmeokoka.

Nairobi Mzee wa Kanisa
Ndugu yangu, mimi ni muumini, nikujibu bila kuficha. Elijah Abel, mtu mweusi, alipewa ukuhani mwaka 1836, Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu, akiwa hai. Mwaka 1852 Brigham Young, kiongozi aliyemfuata, akatangaza kwamba weusi hawapewi. Yeye alishikilia laana ya Kaini, na hata alikataa kwamba kuna roho waliokaa kati kwenye vita ile. Hii ya kusuasua ilishika nguvu baadaye, hadi viongozi wakuu wakaigusia kwenye tamko la 1949. Juni 1978 zuio likaondolewa, na mwaka 2013 kanisa likaandika wazi kwamba linakana nadharia zile, pamoja na hiyo ya matendo ya kabla ya kuzaliwa. Kitabu cha Ibrahimu, andiko letu lisilokuwemo kwenye Biblia, sura ya 3 inataja roho waliokuwa wakuu na wema. Rangi ya ngozi haimo.

Fundi Saa
Kwa hiyo tangu 1852 mpaka 1978 Mungu alikuwa kalala?

Nairobi Mzee wa Kanisa
Swali hilo hata mimi linanikera, sikudanganyi.

Da Sikujua
Mtoa mada, mzee wa miaka 91 hawezi kukukosesha usingizi hivyo. Kuna kitu umekiruka. Harusi lini?

Mtoto wa Mabatini
Jumamosi hii. Hekaluni.

Da Sikujua
Na wazazi wako?

Mtoto wa Mabatini
Baba marehemu. Mama ametua Jumanne kutoka Mwanza. Asiye muumini mwenye kibali haingii kwenye kufungishwa, kwa hiyo atasubiri nje. Bado sijamwambia. Nimemwambia chumba ni kidogo. Ila picha tutapiga naye pale bustanini, na chakula atakaa meza kuu. Sio kwamba nimemtupa.

Bibi Ukwaju
Mama apande ndege mbili aje kukaa na maua?

Nairobi Mzee wa Kanisa
Tangu 2019 mnaweza kufunga ndoa ya serikali kwanza, mama akiwepo, kisha mwende hekaluni. Zamani mngesubiri mwaka mzima, sasa hata kesho yake. Ongea na askofu wako.

Mtoto wa Mabatini
Najua hilo. Kadi zimeshachapishwa. Halafu nikianza kusitasita wiki hii, si ndio yale yale ya babu? Watasema ona, hata huku chini anasuasua.

Da Sikujua
Aa. Kumbe ndio hapo panapouma.

Kaka Stendi
Chai hii. Mwezi wa tatu huyu alikuwa anauza Noah humu humu, gari liko Nyakato. Utah ya wapi?

Mtoto wa Mabatini
Noah ni ya kaka yangu, nilimwekea tangazo tu.

Kaka Stendi
Weka picha ya kadi, funika majina.

Fundi Saa
Nilijua. Viazi, babu, vita mbinguni. Mtu kaangalia filamu.

Mtoto wa Mabatini
Sina muda wa kubishana. Huku ni saa tisa usiku, mama bado yuko kwenye saa za Mwanza, yuko jikoni anapiga pasi kitenge chake mara ya pili. Kaniuliza sasa hivi kama wazazi wa bwana harusi wanakaa kulia au kushoto.

Da Sikujua
Weka simu chini, nenda jikoni.

Kaka Stendi
Ila hiyo Noah bado ipo?