Naombeni ushauri: nimeitwa baraza la kata kwa ugomvi wa mpaka, niende au nikimbilie wilayani?

Mchikichi_Pori: Wakuu habarini, nipo huku Mwandiga, Kigoma, akili imegoma kabisa. Kuna jirani tunagombea mpaka, katikati kuna michikichi 11, mimi najua ni ya kwetu tangu enzi za babu, yeye anasema yake. Kanipeleka kata, nimeletewa barua nifike Jumanne. Nasikia kuna mjumbe anamfahamu, naogopa watanihukumu nikapoteza hivi hivi. Niende au nitafute wakili tuanzie baraza la ardhi la wilaya? Usiku wa nne huu silali.

KahawaUjiji: Nenda mdogo wangu. Mimi na mwenzangu tuligombana pale Kibirizi kisa nyavu za dagaa, miezi mitatu hatusalimiani. Mzee mmoja akatukalisha jamvi moja, ugali wa muhogo na migebuka sahani moja, hakuuliza kitu mpaka tumemaliza kula. Halafu akasema kila mtu aeleze malalamiko ya mwenzie, sio ya kwake. Nilishindwa wakuu, kumbe sikuwahi kumsikiliza.

Nungunungu: Achana na miti ya babu, chukua miche ya Tenera, michikichi chotara ya kisasa, pale kituo cha utafiti wa kilimo TARI Kihinga uanze upya.

BintiKasulu: Mtoa mada huyo jirani ni nani? Na kama michikichi ipo tangu babu, kwa nini ugomvi uanze leo?

Mchikichi_Pori: Dada ni mambo ya familia sikutaka kuyaleta hapa.

BintiKasulu: Basi ndo penyewe. Sema.

Mchikichi_Pori: Ni shemeji yangu, mke wa marehemu kaka, kaka kafariki mwaka jana. Minyaa ya mpakani niliing'oa mimi mwezi wa pili. Ila msinielewe vibaya, shamba ni la ukoo na yeye bado binti, akiolewa kesho mali inaenda kwa watu baki, halafu kuna mtu ameshanipa advansi, na mimi pia nina watoto.

Wa_Sheria: Hii chai. Tangu 2021 baraza la kata haliamui kesi za ardhi, linasuluhisha tu, sasa unaogopa kuhukumiwa na nani? Na wakili haruhusiwi pale. Umetunga.

Nungunungu: Mara jirani mara shemeji, jioni atakuwa mama mkwe.

Mchikichi_Pori: Sijatunga mkuu, barua ninayo mkononi, kalamu ya bluu, muhuri umekalia jina langu mpaka herufi mbili hazisomeki. Hayo ya 2021 sikuyajua, huku watu bado wanasema fulani kahukumiwa kata.

MamaMise: Mwacheni, ni kweli wanasema hivyo. Sikia mwanangu, kata huwezi kuiruka, wilayani watataka cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, labda zipite siku 30 kata wasiwapatanishe. Huyo mjumbe kama ana undugu na shemeji yako sema mapema apumzike. Ila mirathi imefunguliwa? Msimamizi nani? Kama hakuna umepokea hela ya kitu ambacho si chako kuuza, hilo ni la mahakama ya mwanzo. Na hiyo ya akiolewa isahau, sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 haitambui mila ya kumnyima mwanamke ardhi.
Mimi niliachwa na watoto wanne. Mashemeji wakawa wanavuna mikungu usiku, asubuhi nafuata chikichi zilizodondoka njiani, moja moja, mpaka uani kwao. Nikaomba tukae. Yule mkubwa kikao kizima alitazama miguu yake, lakini mwisho yeye ndo alishika jembe kurudishia mpaka. Leo mwanangu akiumwa wa kwanza kupigiwa simu ni yeye.

Mchikichi_Pori: Shikamoo mama. Nikikubali minyaa irudi, hela ya watu nafanyaje? Nusu nimeshanunulia bati.

MamaMise: Marahaba. Mfuate aliyekupa, mwambie ukweli kabla hajasikia kwa wengine, mpange kulipa kidogo kidogo na iandikwe. Shemeji yako umeongea naye tangu barua ifike?

Mchikichi_Pori: Hapana mama. Nikipita pale watoto wanakuja kuniamkia, yeye anaingia ndani.