Wauza rangi, acheni hii "rangi ni rangi": mmeniharibia kabati la mninga la marehemu mama

Wakuu, ninaandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kabati lenyewe ni la mninga. Marehemu mama alichongewa mwaka 1987 akifundisha Urambo, na alipohamishiwa Dar lilikuja naye kwa treni. Milango miwili, droo tatu, mchwa hawajawahi kuligusa. Mwezi wa pili binti yangu alihamia chumba chake, akaomba kabati la bibi liwe jeupe. Nikakubali.

Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, nikasema wazi: nataka rangi nyeupe ya kabati la mbao, lina vanishi ya zamani. Muuzaji hakuniuliza swali hata moja. Akashusha ndoo ya lita 4, shilingi 32,000. "Mama, rangi ni rangi, hii inakamata popote." Kumbe ni rangi ya maji ya ukutani! Imeandikwa kwenye ndoo, herufi ndogo, Kiingereza kitupu. Fundi niliyemwita aliisoma, akanyamaza, akapaka hivyo hivyo. Msasa alipitisha hapa na pale kama anafuta vumbi. Praima, ile rangi ya kwanza ya kuziba ubao, hakuna.

Hazikuisha wiki mbili, mabaka ya kahawia yakaanza kutokeza. Mninga una rangi yake ndani. Aliyewahi kuona ukikatwa mbichi anajua ule utomvu mwekundu kama damu. Pale ambapo vanishi ilikuwa imelika, maji ya ile rangi yaliivuta rangi ya mti ikapanda juu. Unapaka mkono mwingine, yaani tabaka jingine la rangi, inapanda tena. Nilifika mikono minne! Na pale ambapo vanishi ilikuwa bado nzima, rangi haikushika kabisa, unaikwangua kwa ukucha inatoka vipande vipande kama nailoni. Ndani ya rafu ndiyo balaa, madaftari ya mtoto yamenata, ukinyanyua daftari jalada linabaki kabatini. Rangi ya ukutani hubaki laini hata ikikauka. Haikutengenezwa kubeba mizigo wala kushikwashikwa, na kwa joto hili la Dar ndiyo kabisa.

Nikarudi dukani. Jibu? "Pigia glosi juu, itatulia." Nikanunua glosi, ile rangi ya mafuta inayong'aa. Ngumu juu, laini chini, ikapasuka nyufa nyufa. Akaja fundi wa pili, wa kompresa, na rangi ya NC, yaani ya nitroselulosi, ile ya kupuliza inayokauka haraka. Thina ya NC ni kali, ikikuta rangi ya mafuta inaivimbisha na kuinyanyua. Mlango wa kabati la mama yangu ulikunjamana mbele ya macho yangu kama mtando wa chai ya maziwa. Na fundi ananiambia, "Dada, hiyo glosi yako ilikuwa feki."

Rangi, thina na mafundi wawili vimekula 227,000. Hela naweza kuitafuta. Mama siwezi kumrudisha aagize jingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya mambo si siri. Mzee mmoja seremala wa Keko aliniambia yote kwa dakika kumi, bure. Kabla ya chochote, jua kilichopakwa mwanzo: chovya pamba kwenye spiriti, sugua mahali palipojificha. Rangi ya maji italainika na kutoka na pamba, ya mafuta itabaki. Kisha msasa, namba 120 ukifuatiwa na 180, mpaka ule mng'ao wote wa vanishi ufe, vumbi lifutwe. Mti wenye rangi kali kama mninga, au paini yenye mafundo ya utomvu, unazibwa kwanza kwa praima ya kuzuia madoa, isiyo ya maji. Juu yake ndipo glosi ya mafuta, mikono miwili myembamba, ukiacha siku nzima kati ya mkono na mkono na kupitisha msasa laini. Ikikauka kwa kugusa usidhani imeiva. Iache wiki kadhaa kabla ya kupanga vitu vizito. Na akaongeza kwamba nyeupe ya mafuta hugeuka manjano mahali pasipo na mwanga, kwa hiyo kwa ndani ya kabati bora rangi ya maji ya mbao. Ndiyo, zipo za mbao, ni ngumu, wala si hizi za ukutani.

Muuza rangi alitakiwa kuniuliza mambo matatu tu: ni mbao gani, ilipakwa nini, nani ataitumia? Hilo la tatu ndilo linalonitetemesha. Siku ile ile dukani nilimwona baba akiuziwa kopo kwa ajili ya kitanda cha mtoto mchanga, naye hakuulizwa kitu. Watoto wanatafuna fremu za vitanda! Shirika la Afya Duniani limeshasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linashauri rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni. Mnaouza makopo yasiyo na lebo, mliyoyajaza wenyewe nyuma ya duka, mnajua kilichomo?

Na mafundi, msikwangue rangi za zamani kavukavu sebuleni huku watoto wanacheza. Loweshani kwanza, fanyieni nje.

Kabati sasa liko barazani, limefunikwa kanga. Binti ameacha kuliulizia. Kama kuna fundi Dar ambaye amewahi kuvua glosi na NC kwenye mninga bila kuula ubao, aje hapa aeleze ametumia nini, na kama ana picha za kazi aziweke. Atakayeniambia nipake tu juu, asijisumbue.