Kung Fu Panda 4 imewadhulumu Watano Wakali, na imeidhulumu kungfu yenyewe

Wakuu, heshima kwenu. Nimesoma hoja nyingi za kuitetea filamu hii tangu ilipotoka mwezi Machi 2024, na nyingi zinaishia kwenye kauli moja: kwamba hii ni katuni ya watoto, kwa hiyo mtu mzima akiilalamikia anajisumbua bure. Siikubali kauli hiyo hata kidogo. Filamu tatu zilizotangulia zilikuwa katuni za watoto vilevile, na bado ziliheshimu akili ya mtazamaji, ziliwaheshimu wahusika wake, na zaidi ya yote ziliiheshimu kungfu. Hii ya nne imebaki na jina tu. Jasho, muda na mwili wa mwanafunzi, yaani mambo yaliyoipa kungfu thamani ndani ya hadithi hii, vimewekwa kando ili nafasi ipatikane kwa vichekesho.

Tuanze na sheria ambayo waandishi wenyewe waliiweka mwaka 2008, katika filamu ya kwanza. Po ni panda mnene anayemsaidia baba yake kuuza tambi, na Shifu, mwalimu wa kungfu, anashindwa kabisa kumfundisha mpaka anapogundua kwamba chakula ndicho kinachoweza kuuamsha mwili ule mzito. Wote mnalikumbuka pambano lao la vijiti, mwalimu na mwanafunzi wakigombania tonge la mwisho, vijiti vikigongana, bakuli zikiruka, tonge likipokonywa hewani na kupokonywa tena. Po anashinda, kisha anamrudishia mwalimu wake tonge lile na kumwambia kwamba hana njaa. Hakuna maelezo marefu, lakini tunaelewa kwamba huyu sasa ameiva. Baadaye Hati ya Joka, iliyodhaniwa kuficha siri ya nguvu kuu, inafunguliwa na kukutwa haina neno hata moja, ni uso unaong'aa tu ambamo msomaji hujiona mwenyewe. Maana yake ilikuwa wazi hata kwa mtoto, kwamba hakuna siri iliyofichwa mahali, na kwa hiyo hakuna cha kuibiwa. Tai Lung, chui adui wa filamu ile, alivunja gereza na kulivamia bonde zima kwa ajili ya hati ile, na alipoipata aliambulia patupu.

Sasa linganisheni na tulicholetewa. Kinyonga, adui wa filamu hii, anaitafuta Fimbo ya Hekima ili afungue mlango wa Ulimwengu wa Roho, awaite mabingwa waliokufa, na kuwapora kungfu yao kana kwamba ni mzigo waliobeba mgongoni. Ikiwa ujuzi unaweza kuchomolewa mwilini mwa mtu na kuingizwa mwilini mwa mwingine papo hapo, basi mafunzo yote tuliyoyaona tangu mwanzo yalikuwa ya nini? Tena wizi wenyewe si mpya. Mwaka 2016 fahali Kai alikwisha kuzipora nguvu za mabingwa, akawageuza vipande vya jade na kuvining'iniza kiunoni, na mwishoni wote wakarudi salama. Angalau kule kilichoporwa kilikuwa chi, nguvu ya uhai ambayo hadithi ilikwisha kutuonyesha kwamba inaweza kutolewa na kupokewa, na ndiyo maana panda wa kijijini waliweza kumpa Po ya kwao. Huku tumepewa wizi uleule kwa mara ya pili, bila sababu inayoeleweka.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Kinyonga alikuwa na hoja nzuri kuliko filamu yenyewe. Anaeleza kwamba alitamani kujifunza kungfu akakataliwa kwa sababu ya udogo wa umbo lake. Hilo ni dai zito, na jibu lake limekuwa mbele ya macho yetu tangu mwaka 2008, kwa jina la Mantis. Vunjajungu huyu ni mdogo kuliko Kinyonga, naye ni bingwa kamili, mmoja wa Watano Wakali, wale mabingwa watano waliofunzwa na Shifu, anayewatupa watu wakubwa kama magunia. Mwandishi makini angewakutanisha hao wawili, hata kwa dakika mbili. Ama Mantis angelivunja dai la Kinyonga, ama angelithibitisha kwa kusimulia jinsi yeye mwenyewe alivyodharauliwa kabla ya kukubaliwa, na kwa njia yoyote kati ya hizo tungepata adui mwenye uzito. Badala yake Mantis hayupo. Monkey hayupo, Crane hayupo, Viper hayupo, Tigress hayupo. Tunaambiwa harakaharaka kwamba kila mmoja ana shughuli yake mahali pengine, kisha wanatokea mwishoni kwa muda mfupi, karibu bila maneno, kama wageni waliochelewa sherehe.

Suala la Tigress linahitaji kusemwa peke yake. Kisa kizima cha filamu hii ni Po kutakiwa awe kiongozi wa kiroho wa Bonde la Amani na kumteua mtu wa kumrithi cheo chake cha Shujaa wa Joka. Katika bonde lile yupo mtu aliyelelewa na Shifu tangu utoto, aliyefanya mazoezi maisha yake yote, na ambaye kila mtu alidhani ndiye angeteuliwa siku ile kobe mzee Oogway, mwalimu wa Shifu, alipomnyooshea kidole panda aliyeanguka kutoka angani. Aliumia, akameza uchungu wake, akaja kuwa rafiki wa kweli wa Po, na katika filamu ya 2011 alimkumbatia mbele ya wenzake wote waliopigwa butwaa kwa sababu hawakuwahi kumwona akifanya hivyo. Mtu huyo hayumo miongoni mwa wanaoshindania nafasi, na nafasi yenyewe inakwenda kwa Zhen, mbweha mwizi aliyekutana na Po muda mfupi uliopita na kumsaliti katikati ya safari. Simchukii Zhen. Mwizi anayejirekebisha ni mhusika halali kabisa, na angeweza kuiva akipewa filamu mbili. Lakini hadithi inayozungumzia urithi ilipaswa walau kumwuliza Tigress kama bado anaitaka nafasi hiyo. Hata kama jibu lake lingekuwa hapana, hiyo hapana ingekuwa na kishindo kuliko mapambano yote ya filamu nzima.

Na mapambano yenyewe je? Katika filamu ya kwanza Tai Lung amefungwa miaka 20 katika gereza la Chorh-Gom, mfungwa mmoja akilindwa na askari 1,000, mwili umebanwa asiweze kujitikisa. Unyoya mmoja wa bata bukini mjumbe unadondoka, yeye anaudaka kwa ncha ya mkia, anauchomeka kwenye tundu la kufuli, na dakika chache baadaye mikuki mikubwa anayorushiwa ndiyo anayoigeuza ngazi ya kupandia. Kila hatua inaonekana, na kila hatua inatuambia jambo kuhusu hasira na akili ya mtu yule. Haikutokea kwa bahati, kwa sababu filamu ile ilikuwa na mpangaji maalumu wa mapigano, mwanakatuni Rodolphe Guenoden, na Watano Wakali walipewa mitindo inayotokana na mitindo halisi ya Kichina ya wanyama haohao. Katika hii ya nne kuna ugomvi wa kwenye kilabu cha pombe kilichojengwa ukingoni mwa genge, ambao nakiri unachekesha, ila ukiutazama vizuri utagundua kwamba jengo linaloyumba ndilo linalopigana. Po anafanya kazi ya kuteleza.

Tai Lung amerudishwa, na sauti nzito ya Ian McShane imerudi naye. Nilitarajia mengi hapo. Akanyang'anywa kungfu yake, akawekwa kando, kisha akatolewa kumwinamia Po kwa heshima. Yule aliyeliteketeza bonde kwa sababu alinyimwa cheo hicho sasa anakikubali kwa mtu mwingine, bila mazungumzo yoyote yanayotufikisha hapo. Shen, adui wa filamu ya pili, na Kai nao wamo, lakini hawasemi kitu. Wamewekwa ili tuwatambue na kushangilia.

Najua mtaniambia kuhusu fedha. Bajeti ilikuwa takriban dola milioni 85, ilhali ile ya 2011 iliyoongozwa na Jennifer Yuh Nelson ilitumia takriban milioni 150, na waigizaji wakubwa wa sauti za wale watano si watu wa bei rahisi. Nalielewa hilo. Lakini uhaba wa fedha hauelezi kwa nini mhusika anateuliwa bila kustahili, wala haumlazimishi mwandishi kuvunja sheria ya hadithi yake mwenyewe. Mazungumzo ya maana kati ya wahusika wawili chumbani ni nafuu kuliko zimwi kubwa la mwishoni. Wengine mtaniletea mapato, zaidi ya dola milioni 540 duniani kote. Mapato hayo yalijengwa na filamu tatu zilizotangulia, na mimi ni mmoja wa walioingia ukumbini kwa sababu ya heshima ya hizo tatu.

Kwa haki, safari ya Bwana Ping na Li Shan, baba wawili wanaomfuata mwana wao kwa siri, inapendeza, na Viola Davis ameitendea kazi sauti ya Kinyonga kuliko alivyoandikiwa. Zaidi ya hapo sijaona.

Kwa hiyo wale mnaoitetea, naomba mnijibu jambo moja badala ya kuniambia nimezeeka. Nitajieni pambano moja la filamu hii mnaloweza kulisimulia hatua kwa hatua, nani alianza, nani alijibu kwa pigo gani na kwa nini, kama mnavyoweza kulisimulia lile la daraja la kamba kati ya Watano Wakali na Tai Lung.